Spika tano zikiunganishwa muziki unakatika: tafuta kwanza inayotangulia kunyamaza

Msomaji ameniandikia hivi: "Fundi, habari za kazi. Nina spika tano za Wi-Fi: sebuleni, jikoni, vyumba viwili vya kulala na barazani. Nikipiga muziki kwenye spika moja, yoyote ile, hakuna shida. Nikiziunganisha zote zipige wimbo mmoja, baada ya dakika chache ya jikoni inanyamaza, inarudi, kisha zote zinaanza kukatikakatika. Jioni ndiyo balaa. Nimepandisha kifurushi cha intaneti kutoka megabiti 20 hadi 100, nikaweka na ripita kwenye korido, lakini naona kama hali imezidi. Nibadilishe routa au spika?"

Usinunue kitu kwanza. Maelezo uliyonipa ni mazuri kuliko unavyodhani, na mawili kati yake yanatosha kuonyesha pa kutafuta: spika ikiwa peke yake haisumbui, na ya jikoni ndiyo inayotangulia kunyamaza. Spika zako nzima, intaneti nzima. Kinachoshindwa ni safari ya muziki hewani, humo humo ndani ya nyumba.

Tuanze na kifurushi, maana hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa. Muziki wa ubora wa CD, usiobanwa, ni sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, kushoto na kulia. Jumla yake ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani megabiti moja na nusu hivi. Ukibanwa kwa FLAC, njia ya kubana isiyopunguza ubora, hushuka mara nyingi hadi kati ya nusu na theluthi mbili ya hapo, na MP3 ya kiwango cha juu ni kilobiti 320 tu. Hata ule wa biti 24 na sampuli 96,000 hauzidi megabiti 4.6 kabla ya kubanwa. Kwa hiyo zile megabiti 20 zilikuwa zinatosha na kubaki. Tena mifumo mingi ya vyumba vingi haivuti wimbo mara tano kutoka intaneti. Huuvuta mara moja, halafu huugawa yenyewe nyumbani. Ulipopandisha kifurushi uliongeza nafasi mahali ambapo hapakuwa na msongamano.

Msongamano uko kwenye huko kugawa. Ukiunganisha spika, moja hufanywa kiongozi wa kundi, kwa kawaida ile uliyoanzia. Kiongozi hupokea wimbo, huupanga kwa saa yake, kisha huwarushia wenzake. Kama wote wako kwenye Wi-Fi, kila pakiti, yaani kipande kidogo cha muziki, inayotoka kwa kiongozi kwenda kwa mwenzake husafiri hewani mara mbili: kwanza kwenda kwenye routa, halafu kutoka kwenye routa kwenda inakotakiwa. Piga hesabu. Safari moja ya wimbo kuingia, na nne za kugawa zikirudufiwa: tisa. Wimbo uleule uliokuwa ukipita hewani mara moja ulipopiga spika moja, sasa unapita mara tisa. Kisha ukaongeza ripita. Kama ni ya kawaida, yenye redio moja, kazi yake ni kusikia pakiti na kuirudia kwenye chaneli ileile (njia ileile ya redio), kwa hiyo kila spika iliyo nyuma yake inazidisha safari. Ndiyo maana umeona hali imezidi, na umeona sawasawa.

Najua utaniuliza: mara tisa ya megabiti moja si ni tisa tu, na routa imeandikwa mamia? Ni kweli. Lakini kinachogawanywa kwenye Wi-Fi si megabiti, ni muda. Kwenye chaneli moja kifaa kimoja ndicho kinachosema, vingine vinangoja zamu. Spika iliyo karibu na routa hupewa pakiti yake kwa kasi kubwa, inamaliza upesi, inaachia nafasi. Iliyo mbali au iliyozibwa hulazimika kuongea polepole ili isikilizane na routa, na kwenye bendi (kundi la masafa ya redio) ya 2.4 GHz kasi hiyo inaweza kushuka hadi megabiti 6, hata 1. Ni kama foleni ya bombani: mwenye dumu la mdomo mwembamba hachoti maji mengi kuliko wenzake, ila ndiye anayewachelewesha wote. Pakiti ikipotea hutumwa tena, ikipotea tena hutumwa tena, na muda wote huo spika nzuri zimesimama zinasubiri. Spika yako ya jikoni ndiyo yenye dumu hilo.

Kuna jambo la pili linalofanya kundi liwe tabu kuliko spika moja, nalo ni saa. Kila spika ina fuwele yake ya kuhesabu wakati, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawa kabisa. Zikitofautiana sehemu 20 tu katika milioni, baada ya saa moja zitakuwa zimeachana milisekunde 72, na hapo ukisimama mlangoni kati ya sebule na jikoni utasikia mwangwi kama wa ukumbi mtupu. Ili hilo lisitokee, spika hutumiana ujumbe mdogo mdogo wa kusawazisha saa, mfululizo, muda wote muziki unapopigwa. Ujumbe huo ukichelewa, au akiba ndogo ya muziki iliyomo ndani ya spika ikaisha kabla ya pakiti mpya kufika, spika hunyamaza kuliko kupiga nje ya wakati. Ikiwa peke yake haina wa kumfuata, inaweza kujiwekea akiba kubwa na kuvumilia vikwazo ambavyo kwenye kundi vingeinyamazisha. Kwa hiyo spika kupiga vizuri ikiwa peke yake si ushahidi kwamba mahali ilipo mtandao unashika vizuri. Ni ushahidi kwamba haijabanwa.

Sasa tupime, na tuanze na jaribio lisilogharimu kitu. Piga wimbo kwenye kundi zima, kisha weka simu yako kwenye hali ya ndegeni na usubiri dakika mbili. Muziki ukiendelea, simu ilikuwa rimoti tu. Ukikatika, simu ndiyo inayotuma muziki, kama inavyokuwa ukirusha wimbo kwa AirPlay kutoka kwenye iPhone. Hapo kiongozi wa kundi lako ni kifaa kilicho mfukoni. Ukitoka nacho uani, nyumba nzima inakatika. Dawa yake ni kuacha kurusha kutoka kwenye simu, na badala yake kuiunganisha huduma yako ya muziki ndani ya programu ya spika zenyewe, ili spika ivute wimbo bila kupitia kwako.

Kama si simu, jioni moja unda kundi la spika nne bila ya jikoni. Zikitulia usiku wote, mkorofi tumempata. Zikiendelea kukatika, unda tena kundi zima, lakini safari hii uanzie na spika iliyo karibu zaidi na routa, uone kama mpangilio wa kunyamaza umebadilika. Jaribio hili watu hulidharau, lakini kwangu lina thamani kuliko programu zote za kupima kasi. Kama ulikuwa na mazoea ya kuanzia jikoni kwa sababu ndiko unakopikia ukisikiliza, basi umekuwa ukimkabidhi uongozi yule aliye dhaifu kuliko wote, na kila kinachomkwamisha kinawakwamisha wanne waliobaki.

Ukitaka kuona kwa macho, chukua kompyuta na uiunganishe kwenye routa kwa waya. Waya ni lazima, la sivyo utakuwa unapima Wi-Fi ya kompyuta. Fungua programu ya spika, nenda kwenye maelezo ya spika ya jikoni, utakuta anwani ya IP (namba ya spika hiyo kwenye mtandao wako), tuseme 192.168.1.47. Muziki ukiwa unapigwa kwenye kundi zima, fungua dirisha la amri la kompyuta (Command Prompt kwenye Windows, Terminal kwenye Mac), uandike amri ya kuiuliza spika kama ipo na kupima inachukua muda gani kujibu: ping 192.168.1.47 (kwenye Windows ongeza -t mwishoni, vinginevyo itajaribu mara nne na kuacha). Spika iliyo salama hujibu kwa milisekunde 3, 4, 3, 9, 3. Iliyo taabani huandika 4, 6, 180, 5, 740, kisha mstari wa kusema muda umekwisha bila jibu, kisha 5 kana kwamba hakuna kilichotokea. Usihangaike na wastani unaoandikwa chini, maana wastani huficha. Tazama vile vilele, halafu sikiliza: kikija kilele kirefu au mstari usio na jibu mara mbili tatu mfululizo, hesabu sekunde chache utasikia jikoni kimya. Pima na ya sebuleni vilevile ili uwe na cha kulinganisha. Routa nyingi pia huonyesha nguvu ya mawimbi ya kila kifaa kwa dBm. Karibu na -50 ni safi, hadi -67 unaweza kulala usingizi, ikifika -75 usitegemee kundi litulie. Na kumbuka kwamba kila ukishuka kwa 10, nguvu imepungua mara kumi.

Ukishajua, hatua ya kwanza ni kuizima ripita. Izime kabisa, hata kama ya barazani itapotea kwa muda, na usikilize spika nne zilizobaki. Naamini utashangaa.

Halafu nenda jikoni, simama ilipo spika, tazama upande wa routa. Kuna nini katikati? Friji ni sanduku la chuma. Tanuri vilevile. Zege lenye nondo, kioo kikubwa cha ukutani chenye rangi ya madini nyuma, tangi la maji, vyote hivyo huzuia au hunywa mawimbi. Maikrowevu ina kosa la ziada: hufanya kazi kwenye masafa ya karibu 2.45 GHz, katikati kabisa ya bendi ya Wi-Fi, na kiasi kidogo kinachovuja kinatosha kuvuruga spika iliyokaa juu yake. Kama kukatika kunalingana na muda wa kupasha chakula, umeshapata jibu. Spika isikae juu ya friji, isiwe nyuma ya TV, isibanwe kwenye kona ya kabati la chuma. Na usidhani lazima uihamishe mbali. Wimbi la 2.4 GHz lina urefu wa sentimita 12.5, na ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kurudi, yakikutana yanaongezana hapa na kufutana pale. Isogeze sentimita sita au saba tu, pima tena kwa ping, igeuze, pima tena. Nimeona spika ikitoka kwenye -76 hadi -66 kwa kusukumwa ubavuni mwa rafu ileile.

Routa nayo itazame. Kama imefungiwa kabatini au imelala sakafuni nyuma ya sofa, itoe, iweke juu, mahali wazi. Na kama umeichomeka diski ya USB 3.0, jaribu siku moja bila hiyo diski. Kebo na diski za aina hiyo hutoa kelele ya redio kwenye 2.4 GHz, na hapo zimekaa sentimita chache kutoka kwenye antena.

Suala la jioni lina maelezo mepesi: majirani wamerudi nyumbani. Bendi ya 2.4 GHz ina chaneli nyingi kwa majina, lakini zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na hizo mnagawana na kila nyumba iliyo karibu. Pakua programu ya kuonyesha Wi-Fi zilizo jirani, ipime saa zilezile za balaa, chagua kati ya hizo tatu ile yenye msongamano mdogo. Upana wa chaneli uweke MHz 20, si 40. Kwenye 40 unapata kasi kubwa ya kuonyesha kwenye kipimo, na unagongana na majirani mara mbili zaidi. Chaneli ukishaichagua iweke iwe ya kudumu. Ukiacha routa ichague yenyewe, itaamua kuhama katikati ya wimbo, na spika zote zitanyamaza kwa sekunde ileile.

Kwa spika zinazoweza kutumia 5 GHz na zilizo karibu na routa, zipeleke huko. Kuna nafasi zaidi na majirani hawafiki kwa urahisi. Ila angalia namba ya chaneli. Kuanzia 36 hadi 48 uko salama. Katika nchi nyingi, chaneli kati ya 52 na 144 zinatumiwa pamoja na rada, na sheria huilazimisha routa kuondoka mara inapohisi rada, kisha kusikiliza angalau dakika nzima kabla ya kuanza kwenye chaneli nyingine ya kundi hilo. Dalili yake ni kwamba vyote vinakatika pamoja, hadi Wi-Fi ya simu, kisha vinarudi vyenyewe bila wewe kugusa chochote. Kwako si hilo, kwa kuwa jikoni kunatangulia, lakini nalitaja kwa sababu ni jambo linalowatoa watu jasho.

Haya yote ni tiba za kupunguza. Tiba yenyewe hasa ni waya mmoja. Si mitano. Vuta kebo ya mtandao kutoka kwenye routa hadi kwenye spika ya sebuleni, kisha kila mara anzia kundi hapo. Rudi kwenye hesabu yetu: wimbo unaingia kwa waya, unatoka kwa kiongozi kwenda kwenye routa kwa waya, zinabaki safari nne za hewani kutoka kwenye routa kwenda kwa wengine. Kutoka tisa hadi nne kwa kebo moja. Ukiweza kuifikishia na ya jikoni kebo, zinabaki tatu, tena zile rahisi. Kebo ya daraja la Cat 5e inatosha kabisa, hadi mita 100. Atakayekuambia muziki unahitaji Cat 8 anataka kukuuzia Cat 8. Pasipopitika kebo kuna vile vifaa vya kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme. Vinafanya kazi, mradi uvichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, na uwe tayari kwamba mota za pampu au mashine ya kufulia zinaweza kuvitikisa.

Hapa kuna mtego mmoja wa kukwepa. Baadhi ya spika, hasa nyingi za Sonos, zikiunganishwa kwa waya hutengeneza mtandao wao wa pembeni, spika kwa spika, kwenye 2.4 GHz, tofauti na Wi-Fi ya routa. (Sonos za aina ya Era 100, Roam na Move hazimo.) Ni utaratibu mzuri, mradi chaneli ya mtandao huo isiwe ileile ya routa. Tatizo huja ukiweka spika mbili kwenye waya kupitia swichi (kifaa cha kuongeza matundu ya waya wa mtandao), na swichi hiyo haielewani nazo: pakiti zinatoka kwa waya, zinarudi kwa hewa, zinatoka tena, na baada ya dakika mtandao wote wa nyumba umejifunga. Ukiona taa za swichi zote zinapepesa kwa pamoja bila kupumzika, chomoa waya wa spika moja. Zikitulia, acha moja tu kwenye waya, au ziunganishe zote mbili moja kwa moja kwenye routa ujaribu tena.

Sababu nyingine nazipitia haraka. Kukatika kila baada ya saa moja kamili kunanuka mipangilio ya usalama ya routa: muda wa kubadilisha ufunguo wa siri unaotumiwa pamoja na vifaa vyote vya Wi-Fi (group key) mara nyingi umewekwa sekunde 3,600, na kuna spika zisizopenda mabadiliko hayo; ongeza muda huo. Kama una routa ya kampuni ya intaneti na nyingine yako nyuma yake, hakikisha ni moja tu inayogawa anwani, na nyingine iwe kituo cha Wi-Fi tu, la sivyo simu itakuwa upande huu na spika upande ule. Spika zote zitengee anwani za kudumu kwenye routa. Kama nyimbo ziko kwenye diski ya nyumbani na kimya huja mwanzoni tu mwa albamu, diski ilikuwa imelala na inachukua sekunde kadhaa kuamka. Na muziki ukikatika pale tu simu ya mtu inapopakia picha na video usiku, hapo ndipo intaneti inahusika kweli, ila kwa foleni ya kupakia. Weka kikomo cha kupakia kwenye routa.

Kubadilisha routa ningekubali kama ni ya zamani isiyo na 5 GHz, au kama baada ya waya na kuzima ripita baraza bado halifikiwi. Hapo usirudi kwenye ripita. Tafuta kituo cha pili cha Wi-Fi kinacholetewa mtandao kwa kebo, na ukiwekee chaneli tofauti na ya kwanza.

Hukutaja TV. Kama spika ya sebuleni ndiyo pia inayotoa sauti ya TV, ujue kazi hiyo ni ngumu kuliko muziki: sauti lazima ifuatane na midomo ya wasemaji, kwa hiyo spika haipati nafasi ya kujiwekea akiba, na pakiti chache tu zikichelewa unasikia. Ukiipeleka sauti hiyo na jikoni, itakatika huko kabla ya muziki kukatika. Basi hapo sebuleni una sababu mbili za kuvuta ile kebo.